Vuli ya Kaukau za Maharage

Ijumaa, 9 Agosti

Tyra amerudi kutoka mji wa Göteborg. Amekuja na gari la kukodi, masanduku mawili ya nguo, na oveni ya kuokea kaukau zake, kubwa kuliko kabati langu. Sixten, baba yake, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, alisimama kibarazani akaitazama oveni ikishushwa, akasema, "Haya. Ni jambo la kufikiria." Watu wa kisiwa chetu cha Öland wakisema hivyo, ujue hawataki hata kukisogelea kitu chenyewe.

Nimenunua daftari hili kwa sababu siwezi kutulia. Nilipika katika jiko la shule miaka thelathini na moja. Mwalimu mkuu aliwapa watoto fomu za maoni. Mimi niliangalia ndoo ya mabaki. Mtoto aliandika "supu ni nzuri", kisha akaimwaga. Ndoo haina adabu, kwa hiyo haisemi uongo. Sasa nimestaafu, sina ndoo, nazunguka uani kama kuku aliyepoteza yai.

Jambo lenyewe ni hili. Baba alituachia mimi na Sixten shamba la maharage ya kahawia, nusu kwa nusu. Sixten hulima, mimi hutazama. Jirani yetu Evald analitaka kwa viazi vyake, anataka kulikodi kwa miaka ishirini. Sixten amemwambia binti yake: una muda hadi tarehe mosi Novemba. Ukimpata mtu wa kununua hizo kaukau zako za maharage, mwakani tunapanda tena. Usipompata, nasaini kwa Evald.

Hayo niliyasikia nikipalilia vitunguu nyuma ya ukuta. Saini yangu inatakiwa pia. Hakuna aliyeniuliza ninataka nini, nami sikujitokeza.

Jumanne, 13 Agosti

Upepo wa mashariki. Kila kilichofungwa kinagonga.

Ijumaa, 16 Agosti

Ijumaa, kila nyumba hapa hukaa mbele ya televisheni na bakuli la kaukau za viazi. Nyumba isiyo na bakuli, watu hudhani imefiwa. Tyra ameamua kuiteka desturi hiyo: amewaita majirani ukumbini waje kuonja kaukau zake badala ya zile za dukani. Walikuja kumi na mmoja, wote saa kumi na mbili kamili. Walikuwa wamekaa ndani ya magari yao nje wakisubiri dakika ifike.

Mabakuli sita: karoti nyeupe, bitiruti, sukuma, mzizi wa selari, njegere za kijivu, na maharage yetu. Ya maharage ameyasaga, akayasukuma kama chapati nyembamba, akayakata pembetatu na kuyaoka.

Evald alikamata kipande cha kijani akakiangalia dhidi ya taa.

"Hii ni nini, Tyra?"

"Sukuma."

"Nilidhani kitu kimeungua."

"Kimeungua kidogo."

"Aa. Basi sawa," akakila chote, na machozi yakamlengalenga.

Svea, kiongozi wa kwaya ya kanisa, alitafuna pembetatu ya maharage muda mrefu hata nikaogopa. "Mwanangu," akasema, "hii inashibisha kweli."

"Lakini ni tamu?"

"Inashibisha sana."

Fomu zikakusanywa. Kila mtu, kila bakuli: tatu kati ya tano. Mmoja aliweka tatu na nusu kwenye bitiruti, kisha akaifuta nusu. Tyra akafurahi kwamba hakuna aliyechukia kitu. Maskini, ameishi Göteborg muda mrefu.

Walipoondoka nilipita kwenye mabakuli kuhesabu mabaki. Sukuma: karibu yote. Selari: nusu. Maharage: zaidi ya nusu, na pembetatu moja imefichwa chini ya leso ya Evald. Karoti nyeupe: kipande kimoja. Huku kwetu kipande kimoja maana yake ni sifuri, kwa sababu hakuna mtu atakayechukua cha mwisho hata kwa mtutu wa bunduki. Atakikata katikati, aache nusu; atakayefuata atakata nusu ya nusu. Nimewahi kuona keki ikiisha hivyo, imebaki chembe ambayo sisimizi angeona haya kuibeba.

Kwa hiyo karoti nyeupe imeshinda. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 18 Agosti

Kwaya ya Svea iliimba vibaya leo, na si kwa sababu ya koo. Watu saba kati yao walionja maharage juzi. Katika wimbo wa pili, mahali pa kunyamaza, hapakuwa na ukimya. Mchungaji aliinamisha kichwa akaombea jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Evald, ambaye huimba besi, alitoka nje "kuangalia gari".

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemfuata Sixten bandani.

"Kaukau za Tyra. Maharage hayakulala kwenye maji."

"Hayakulala," akasema, akiendelea kupaka grisi.

"Ulijua?"

"Harufu tu inatosha. Yalale usiku mzima, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Hata mbwa anajua."

"Mbona hukumwambia?"

"Ana digrii, dada."

Nikamwambia Tyra mimi. Alijifunika uso kwa mikono, akacheka, kisha akauliza, "Baba alijua?" Nikasema sijui. Naandika hapa kwamba nilidanganya.

Nadhani Sixten anataka ashindwe. Anataka kukaa kivulini ale kodi ya Evald. Sikuwahi kumdhania hivyo.

Ijumaa, 23 Agosti

Njegere za kijivu zililipuka ndani ya oveni kama mvua ya mawe. Mlango ulifunguka wenyewe. Njegere moja nimeikuta kwenye kikombe changu cha kahawa, nyumba ya pili.

Nimeila. Si mbaya.

Ijumaa, 30 Agosti

Onjo la tatu ukumbini. Maharage sasa yanalala majini, kwaya iko salama. Fomu: tatu, tatu, tatu. Mabakuli: karoti nyeupe kipande kimoja, bitiruti vitatu, maharage nusu. Afadhali.

Sixten hajawahi kuja. Hukaa nyumbani na kaukau za viazi za dukani, televisheni ikipiga kelele hata huku nazisikia.

Jumanne, 3 Septemba

Maharage yameng'olewa, yamelala shambani kwa mistari yakikauka. Sasa ni kusubiri. Sixten anatoka nje kila robo saa kuangalia mbingu, anarudi, anatoka. Mimi nami natoka kumwangalia yeye akiangalia mbingu. Mvua ikiyakuta chini, ngozi yake huota madoa, na maharage yenye madoa huwa chakula cha nguruwe.

Ameshuka kutoka kwenye trekta kinyumenyume, ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayeshuka kisimani. Nilidhani anaigiza ili Tyra amwonee huruma.

Jumatano, 4 Septemba

Wingu upande wa bara. Halikuja.

Alhamisi, 5 Septemba

Wingu lilelile, au ndugu yake.

Ijumaa, 6 Septemba

Lilikuja.

Saa tano asubuhi redio ilisema mvua itafika jioni. Sixten hakumaliza kahawa. Mashine ya kuvunia ikaingia shambani, mimi nikafuata na reki kukusanya yaliyopeperushwa, na upepo ukiyapeperusha tena nyuma yangu. Tyra alikuwa na trei nne ndani ya oveni za onjo la jioni. Alisimama mlangoni, akaitazama oveni, akalitazama shamba, akavua aproni.

"Zima oveni!" nikampigia kelele.

"Nimezima!"

Hakuzima.

Saa tisa, mkokoteni wetu wa trekta ukajaa, na mistari sita bado iko chini. Mara likaja trekta jingine kutoka barabarani, na mkokoteni mtupu nyuma. Evald. Hakuna aliyemwita. Aliuegesha kando ya mashine, akashuka, akasema, "Nilikuwa napita."

Anapita wapi? Barabara ile inaishia baharini.

Nilikuwa nimemwandika kichwani kama tai anayezunguka mzoga. Mvua ikituharibia maharage, yeye angelipata shamba kabla ya Novemba, bila kusubiri Tyra afanikiwe au ashindwe. Naye akapakia hadi jasho likamtoka kwenye kofia. Sixten akamwambia, "Usingejisumbua." Evald akasema, "Si usumbufu." Hapo wakawa wamesemezana yote wanayoweza kusemezana.

Mkokoteni wa mwisho uliingia ghalani wakati matone ya kwanza yanapiga bati. Ndipo tukaona moshi. Trei nne zimekuwa mkaa, ving'ora vya jiko vinalia, Tyra anatoka na trei ya mwisho mikononi, nyeusi kama kiatu cha mazishi.

"Haya," akasema, "leo tunaonja nini?"

Sixten alicheka. Alicheka akiwa ameegemea ukuta wa ghala, kisha kicheko kikakatika akashika kiuno, na uso ukawa rangi ya chokaa. Alibaki hivyo dakika nzima, amepinda. Tyra hakuona; alikuwa anamwaga mkaa. Mimi niliona. Mtu haigizi rangi ile.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimemuuliza kuhusu mgongo. "Uko sawasawa," akasema. Alikuwa amesimama. Alikula kifungua kinywa amesimama, akasoma gazeti amesimama.

Ijumaa, 20 Septemba

Leo nimejisifu mno, ila nilipokuwa najisifu ilifanana na ucheshi.

Tyra amepata jibu kutoka Kalmar, ng'ambo ya daraja: mnunuzi wa maduka, Bodil Ståhl, atakuja tarehe nne Oktoba aone watu wa kawaida wakila. Tyra alikuwa akitembea jikoni kwangu huku na huku, akigusa kila kitu.

"Shangazi, fomu hazisemi kitu. Tatu, tatu, tatu! Nitamwonyesha nini?"

"Achana na fomu," nikamwambia. "Mwonyeshe mabakuli." Nikamweleza ninavyohesabu. Alinibusu shavuni, akaniita fundi. Sijaitwa fundi tangu niliporekebisha mashine ya viazi ya shule kwa uma.

Baadaye, kwenye kahawa ya baada ya mazoezi ya kwaya, Svea akauliza mambo yanaendeleaje. Nami, kwa kichwa kikubwa, nikasimulia yote: jinsi fomu zinavyodanganya, jinsi ninavyopita na kuhesabu, hata leso ya Evald. Watu walicheka hadi wakaweka vikombe chini.

"Kwa hiyo mnunuzi atahesabu mabakuli?" Svea akauliza.

"Atahesabu."

"Maskini Tyra," akasema mmoja. "Amehangaika na kila moja."

Nikamimina kikombe cha pili.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua. Hakuna onjo. Tyra ameoka trei nane za maharage na kuzitupa saba.

Ijumaa, 4 Oktoba

Bodil Ståhl aliwasili saa kumi na moja na dakika hamsini na tano, akakaa ndani ya gari. Mtu wetu kabisa. Mwanamke mwembamba, koti la mvua, kalamu nyuma ya sikio. Alisema hatahoji mtu, atakaa pembeni na kutazama. Nilimpenda hapohapo.

Watu kumi na wanne. Mabakuli sita, kila moja limepimwa sawa. Hata Sixten alikuja, akasimama karibu na mlango, mgongo ukutani.

Dakika kumi za kwanza nilidhani ni kwa bahati. Svea alichukua karoti nyeupe moja, akaenda kwenye sukuma, akachukua moja, akaenda kwenye selari, moja, njegere, moja, akazunguka yote sita kama anayeheshimu makaburi. Aliyemfuata akafanya vilevile. Evald, ambaye sukuma ilimtoa machozi mwezi wa nane, aliila tena, akameza, akaniangalia, akanikonyeza.

Hapo nikaelewa. Walikuwa wanakula kwa haki. Wamesikia kwamba mabakuli yatahesabiwa, na hakuna aliyetaka bakuli hata moja la Tyra liaibike. Msichana amehangaika na kila moja! Kwa hiyo kila moja lipate sawa. Mwanamume mmoja alihesabu kwa vidole vyake kisha akarudi kwenye selari kulipa deni.

Nilimsogelea Svea. "Kula unachopenda!" nikamnong'oneza.

"Nakula, mpenzi."

"Unapenda selari wewe?"

"Hapana, mbaya mno. Lakini ilikuwa imebaki nyuma."

Mwishoni mabakuli yote sita yalikuwa nusu, yamelingana hata ungeweza kuweka ubao juu yake na bilauri ya maji isimwagike. Bodil Ståhl akapita akiangalia. Akapita mara ya pili. Watu wote walisimama wakitabasamu kama wazazi kwenye mahafali.

"Binti," akamwambia Tyra kwa upole, "nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeona watu wakichukia kaukau, nimeona wakipigania. Sijawahi kuona watu wasiojali kiasi hiki."

Tyra alinitazama mimi. Tangu azaliwe hajawahi kunitazama vile.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimekwenda kwa Tyra kuungama. Alikuwa anasugua trei safi.

"Niliwaambia mimi. Kwenye kahawa ya kwaya."

"Najua. Svea amepiga simu kunipongeza. Amesema yote yamekwenda sawasawa." Akacheka bila furaha. "Sawasawa! Shangazi, hivi kwenye kisiwa hiki kizima hakuna mtu mmoja wa kuniambia 'hii ni mbaya'? Mmoja tu. Nimlipe?"

Nilisema selari ni mbaya.

"Asante. Na maharage?"

Nilifungua mdomo. Maharage ya baba yangu. "Yanaendelea vizuri," nikasema.

Akarudi kwenye trei.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimempigia simu Bodil Ståhl mwenyewe, nikiwa nimesimama, nikamweleza kilichotokea. Alicheka hadi akakohoa. Kumbe mama yake anatoka kijiji cha jirani. Amesema nimpelekee kilo moja ya kila aina ofisini, ataziacha karibu na mashine ya kahawa bila kumwambia mtu kitu.

Upepo umehamia kaskazini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo ni Alhamisi, na Alhamisi kila nyumba huku hula supu ya njegere za manjano, basi nimewaita Tyra na Sixten mezani kwangu. Tyra alikuja na bakuli la pembetatu za maharage akaliweka katikati. Sixten akala supu. Akala supu tena. Kisha, kwa sababu hapakuwa na mkate, mkono wake ukaenda kwenye bakuli.

Alitafuna. Tulisubiri lile neno lake la siku zote, "jambo la kufikiria". Akaweka nusu iliyobaki juu ya meza.

"Hii ni mbaya," akasema.

Kijiko changu kilisimama hewani.

"Ni mbaya kwa sababu unasaga na ngozi. Ngozi ina uchungu ikikauka. Na unatumia maharage ya mwaka jana, haya mapya ndiyo yana utamu. Na huweki siki. Maharage ya kahawia bila siki na shira ni kama... sijui. Ni kama mtu bila nyusi. Bibi yako angekufukuza."

Tyra alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nilidhani atalia au atalirusha bakuli. Akavuta kiti karibu na baba yake.

"Siki kiasi gani?"

"Sijui vipimo. Mpaka shavu lishtuke."

Wakaenda jikoni kwake. Walikuwa huko hadi giza lilipoingia. Nilisafisha vyombo peke yangu nikiwasikia wakibishana, Sixten akisema "hapana, hapana, si hivyo." Nilikuwa nimeandika humu kwamba anataka binti ashindwe. Laiti ningekuwa na kifutio. Mtu huyu alikuwa na maneno hayo yote tumboni tangu Agosti, na anaona ni utovu wa adabu kuyatoa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Pembetatu mpya, bila ngozi, na siki. Nimekula kumi na saba. Nimeacha kuhesabu kwa heshima.

Jumatano, 23 Oktoba

Barua ya Bodil Ståhl. Karoti nyeupe ziliisha siku ya kwanza. Atazichukua dukani kuanzia masika, kwa majaribio. Kaukau za maharage, zile alizopelekewa mwanzoni, hakuna aliyezigusa mara ya pili. Hizi mpya tulizomtumia baadaye amezionja na anazipenda, lakini nafasi ya mwaka huu imejaa. "Tuzungumze tena vuli ijayo."

Vuli ijayo shamba litakuwa na viazi.

Karoti nyeupe tunaipanda kwenye robo ya bustani. Haihitaji shamba. Tyra alisoma barua mara mbili, akasema, "Basi ni nusu ushindi," akatoka nje kwenye upepo bila koti.

Ijumaa, 25 Oktoba

Masanduku yake mawili yako wazi kitandani. Niliyaona dirishani nikipita. Nimepita mara nne.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, kama kila mwaka baridi ikikaribia. Saa moja zaidi ya kutotulia.

Jumatano, 30 Oktoba

Sixten ameleta karatasi ya Evald ya kukodi shamba, niisome kabla ya kusaini. Nimeisoma. Haina kosa. Alisubiri niseme kitu, nami nilisubiri aniulize kitu. Paka alitoka.

Ijumaa, 1 Novemba

Evald alikuja saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni. Soksi ya kushoto ina tundu, kidole kinachungulia. Amevaa shati la kanisani. Tulikaa jikoni kwa Sixten: Evald, Sixten, mimi, na Tyra amesimama karibu na sinki.

"Kahawa?"

"Kama si usumbufu."

Tukanywa. Tukazungumza baridi. Tukazungumza bei ya mbolea. Kikombe cha pili. Evald akaitoa karatasi taratibu, kama anayetoa jino lake mwenyewe, akailaza mezani akailainisha kwa kiganja. Sixten akavaa miwani, akasaini. Herufi zake zilikuwa ndogo. Kisha akaisukuma kwangu, na kalamu juu yake.

Niliishika kalamu. Nikaona jina la baba katika jina la Sixten. Nikaona mabega ya Tyra hayasogei. Nimekuwa nikiwatazama watu hawa miezi mitatu, nimeandika nani amekula nini, nani ameficha nini chini ya leso, na kucheka kwamba hawawezi kusema wanachotaka. Na mwenye nusu ya shamba ni mimi.

"Sisaini," nikasema.

Friji ilinguruma. Evald akaangalia karatasi. "Kuna kosa mahali, Hjördis?"

"Karatasi ni nzuri, Evald. Wewe ni jirani mwema, na siku ya mvua sitaisahau. Lakini sitaki. Nataka shamba libaki la maharage. Nimetaka hivyo tangu Agosti."

Sixten alivua miwani. Shingo yake ilikuwa inageuka nyekundu. "Sasa ndiyo unasema? Leo? Mtu amekuja na shati safi!"

"Leo ndiyo nimeweza."

"Dada, nani atalima?" Sauti yake ilipanda, nikatambua sijaisikia ikipanda tangu tukiwa watoto. "Mgongo umekwisha! Daktari ameniambia tangu Mei. Mavuno haya yalikuwa ya mwisho. Siwezi hata kufunga viatu. Ulidhani nalitoa shamba kwa kupenda?"

Tyra aligeuka. "Tangu Mei?"

"Sikutaka ubaki kwa sababu ya mgongo wangu. Nilitaka ubaki kama kaukau zitakubali. Kama utakuwa na kitu chako."

"Nitalima mimi."

"Hujui kulima."

"Nifundishe."

"Na Göteborg? Umeshaanza kufunga masanduku."

"Masanduku?" Alitutazama mmoja baada ya mwingine kama watu wenye homa. "Nimetoa nguo za baridi, baba! Zilikuwa chini kabisa. Nani alisema naenda Göteborg?"

Hakuna aliyesema. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Hata kama hakuna atakayenunua kaukau hata moja?" Sixten akauliza.

"Watu wa duniani bado wanakula maharage ya sufuria, baba. Tutauza hayo. Kaukau vuli ijayo. Nataka kukaa. Nimetaka tangu siku nilipoishusha oveni."

Sixten aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili kwa uangalifu, akampa Evald. "Samahani kwa usumbufu," akasema.

"Si usumbufu," akasema Evald, na kwa sauti yake nikajua ulikuwa usumbufu mkubwa. Lakini kikombe chake kilikuwa kimejaa, na kuondoka ukaacha kahawa ya mwenyeji ni jambo lisilowezekana. Kwa hiyo alikaa. Tulikaa wote wanne, hakuna anayejua pa kuangalia, hadi alipoimaliza, funda kwa funda. Mlangoni, akivaa viatu, alimwambia Tyra, "Mwakani nitahitaji kupumzisha shamba langu la kaskazini. Maharage hurutubisha udongo baada ya viazi. Kama utapenda kulipanda." Akatafakari kidogo, akaongeza: "Na ile ya kijani usiipike tena. Ni mbaya sana."

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote, ambayo huku huwekwa Jumamosi. Tumewasha mshumaa kwa baba na mama makaburini. Upepo uliuzima mara tatu. Tyra aliukinga kwa koti lake.

Jumatatu, 4 Novemba

Tyra yuko juu ya trekta, anageuza udongo kabla haujaganda. Sixten anatembea ukingoni na fimbo, ana mkanda wa mgongo juu ya koti, anapiga kelele ambazo kwa mngurumo ule hazimfikii.

"Kushoto! Kushoto, nimesema! Unalima au unachora nyoka?"

Nimesimama dirishani, kisha nimevaa buti nikaenda hadi ukingoni. Mstari wa kwanza wa jembe umepinda kama mguu wa mbuzi. Tyra alipofika mwisho alizima injini akauliza uko vipi.

"Mbaya," Sixten akasema. "Mbaya kabisa."

Tyra akageuza trekta, akaanza upya.